KUJUA NA KUTHIBITISHA: SOMO LA SAYANSI KWA WAPENZI WA LUTENI COLUMBO

Wapo watu wanaopenda kipindi kimoja cha televisheni kwa miaka mingi, wakakitazama mara ya pili, ya tatu na ya kumi, hata wakaweza kutaja kila mchezo wake kwa jina. Aghalabu wenzao huwashangaa: hadithi ukiisha kuujua mwisho wake, waitazamia nini tena? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linaihusu sayansi. Katika makala haya tutachukua kipindi kimoja mashuhuri cha upelelezi, yaani Columbo cha Marekani, tueleze mpenzi wake hujifunza nini, na ni jambo gani kubwa ambalo kipindi hicho humficha. Si lazima msomaji awe amekitazama, kwani kila kisa tutakachokitumia tutakieleza.

Kipindi chenyewe

Luteni Columbo ni mpelelezi wa kubuniwa katika jeshi la polisi la jiji la Los Angeles. Waliomuunda ni waandishi wawili, Richard Levinson na William Link. Alionekana kwanza katika televisheni mwaka 1960, kisha katika mchezo wa jukwaani mwaka 1962. Mwaka 1968 nafasi hiyo ilichukuliwa na mwigizaji Peter Falk, na tangu hapo watu hawakuweza tena kumfikiria Columbo mwenye sura nyingine. Shirika la NBC lilikionyesha kipindi hicho tangu 1971 hadi 1978, nalo shirika la ABC likakirudisha tangu 1989 hadi 2003. Michezo yote, pamoja na ile miwili ya kutangulia, ni 69. Falk alifariki mwaka 2011. Na mwaka 2014 katika jiji la Budapest, Hungaria, mbali kabisa na Los Angeles, ikasimamishwa sanamu ya Columbo pamoja na mbwa wake. Ndivyo alivyopendwa.

Columbo huvaa koti la mvua lililokunjamana, huendesha gari kuukuu, hutafuta kalamu asiione, na huwasimulia washukiwa habari za mkewe ambaye mtazamaji hamwoni kamwe. Matajiri na wasomi anaowahoji humdharau. Lakini kila anapoaga na kufika mlangoni, hugeuka akasema kwamba limebaki jambo moja dogo ambalo halimwelei. Jambo hilo dogo ndilo kiini cha somo letu.

Hadithi iliyopinduliwa

Wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja katika riwaya za Muhammed Said Abdulla. Katika riwaya za namna hiyo msomaji hufichwa mkosaji mpaka kurasa za mwisho, na raha yake ni kubahatisha. Columbo ni kinyume. Katika sehemu ya kwanza ya mchezo mtazamaji huonyeshwa mauaji yenyewe: nani kaua, kwa silaha gani, na kwa hila gani ameficha. Columbo hufika baadaye, asijue lolote.

Mtindo huu wa kuipindua hadithi ni wa zamani kuliko televisheni. Mwandishi Mwingereza R. Austin Freeman aliutumia katika kitabu chake cha The Singing Bone cha mwaka 1912. Freeman alikuwa daktari, na kabla ya kuwa mwandishi alifanya kazi ya uganga katika Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alitaka kuona kama msomaji anayemjua mkosaji tangu mwanzo ataendelea kuvutwa na hadithi kwa sababu ya njia peke yake.

Mpenzi wa Columbo ni ushahidi kwamba Freeman hakukosea. Tuulinganishe upenzi huo na somo la jiometri. Mwanafunzi anayeambiwa athibitishe kwamba pembe za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180 analijua jibu kabla hajashika kalamu. Anachotahiniwa ni hatua: je, kila hatua inatokana na ile iliyoitangulia, au ameruka mahali? Vivyo hivyo, anayeutazama mchezo wa Columbo kwa mara ya kumi haulizi tena, 'Ni nani?' Anauliza, 'Je, kwa mambo yaliyomo mbele ya Columbo, ana haki ya kusema hivyo?' Hilo ni swali la mwanasayansi.

Jambo lisilolingana

Katika mchezo wa 1968 uitwao Prescription: Murder, daktari wa magonjwa ya akili anamuua mkewe, kisha anapanda ndege na mwanamke mwingine aliyevaa nguo za marehemu. Mbele ya abiria wawili hao wanajifanya kugombana, na yule mwanamke anashuka. Kila shahidi atasema kwamba mke alikuwa hai na alirudi nyumbani kwa hasira. Siku daktari anaporejea safarini, Columbo yumo nyumbani akimngoja. Jambo moja linamkera Columbo: mume huyu ameingia nyumbani kwake bila ya kumwita mkewe. Mtu anayeamini kwamba mkewe yumo ndani angalau angemwita.

Katika Murder by the Book, mchezo wa mwaka 1971 ulioongozwa na Steven Spielberg alipokuwa bado kijana, mwandishi mmoja anasema ameikuta maiti ya mwenzake mbele ya nyumba yake. Columbo anaona kwamba baada ya msiba huo mtu huyo ameketi akafungua barua zake.

Mambo haya hayathibitishi kitu. Mtu aweza kunyamaza kwa uchovu, na mwingine aweza kufungua barua kwa sababu amechanganyikiwa. Kazi ya jambo lisilolingana ni kuzaa swali. Mwanasayansi naye huenda hivyo: akipata kipimo kimoja kisichokubaliana na vingine, hakitupi, wala hakimbilii kutangaza uvumbuzi. Hukiandika, kisha hutunga dhana ya kukieleza, akatafuta jaribio litakaloweza kuiangusha dhana hiyo.

Joto la maiti na blanketi la umeme

Mchezo uitwao Suitable for Framing, wa mwaka 1971, una somo zima la fizikia ndani yake. Mhakiki wa sanaa anamuua mjomba wake tajiri, kisha anaifunika maiti kwa blanketi la umeme, anaiba michoro miwili, naye anakwenda kwenye maonyesho ambako watu wengi watamwona. Baadaye mshiriki wake anaondoa blanketi, anafyatua risasi ili mlinzi asikie, na kukimbia. Blanketi lilikuwa la nini?

Mtu aliye hai huuweka mwili wake katika jotoridi la karibu nyuzi 37 za Sentigredi. Akifa, mwili huanza kupoa mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka. Isaac Newton alionyesha kwamba, kwa kukadiria, kasi ya kupoa kwa kitu inalingana na tofauti kati ya jotoridi lake na la mazingira yake. Kwa mfano, maji yaliyo katika nyuzi 70 ndani ya chumba chenye nyuzi 30 yana tofauti ya nyuzi 40; yakifika nyuzi 50, tofauti ni nyuzi 20 tu, kwa hiyo kasi ya kupoa imekuwa nusu ya ile ya mwanzo.

Katika nchi za baridi madaktari walizoea kukadiria kwamba maiti hupungua joto kwa kiasi cha digrii moja kila saa. Hayo ni makadirio tu. Saa za kwanza joto la ndani ya mwili halishuki sana. Mwili mnene hupoa polepole kuliko mwembamba. Nguo huchelewesha kupoa, na upepo huharakisha. Mazingira nayo hubadili mambo. Katika chumba chenye nyuzi 20, tofauti ya mwanzo ni nyuzi 17. Katika chumba chenye nyuzi 30, kama vile vingi vya pwani yetu, tofauti ni nyuzi 7 tu. Kwa kanuni ya Newton, kasi ya mwanzo katika chumba cha pili ni 7 kwa 17 ya ile ya chumba cha kwanza, yaani haifiki hata nusu. Anayetumia hesabu ya nchi ya baridi katika nchi ya joto atakosea kwa saa nyingi.

Sasa hila ya blanketi inafahamika. Daktari akiikuta maiti ina joto, atasema mtu huyu amekufa sasa hivi, wakati ule mlinzi aliposikia risasi. Na wakati ule mwuaji alikuwa mbele ya mashahidi. Kipimajoto hakikusema uwongo. Uwongo ulikuwa katika dhana kwamba mwili ulipoa bila ya kuingiliwa.

Jaribio la darasani

Vifaa: makopo mawili yanayofanana, vipimajoto viwili, maji ya moto, kitambaa kizito, saa.

1. Pima jotoridi la chumba na kuliandika.
2. Tia maji ya moto kiasi kilekile katika makopo yote mawili. Lifunge moja kwa kitambaa, uache jingine wazi.
3. Andika jotoridi la kila kopo baada ya kila dakika 5, kwa muda wa dakika 40.
4. Chora grafu mbili juu ya karatasi moja, wakati ukiwa kwenye mhimili wa ulalo.
5. Mpe mwanafunzi ambaye hakuwapo kipimo cha mwisho cha kila kopo, jotoridi la chumba, jotoridi la maji yalipotiwa, na grafu ya kopo la wazi peke yake. Akadirie maji yalitiwa lini. Usimwambie lipi lilifungwa.

Mwanafunzi huyo atatoa saa mbili tofauti kwa maji yaliyotiwa wakati mmoja. Hesabu yake itakuwa sahihi, ila jibu moja litakuwa la uwongo. Hapo darasa lijadili: alihitaji kujua nini zaidi?

Glavu za Columbo

Mchezo huohuo unamalizika kwa ushahidi ambao wapenzi wengi wa Columbo huuhesabu kuwa miongoni mwa ulio bora kabisa. Mwuaji ameficha michoro iliyoibwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine, mtalaka wa marehemu, ili mama huyo ashitakiwe. Polisi wanaipata mbele yake. Columbo anaomba alama za vidole zitafutwe juu ya michoro hiyo. Alama zinapatikana, nazo ni za Columbo mwenyewe. Siku zilizopita alikuwa amekutana na mshukiwa akiwa amebeba mfuko wa michoro, naye akatia mkono ndani kwa haraka. Basi michoro iliyoguswa siku ile ndiyo hii.

Mshukiwa anapiga kelele kwamba Columbo ameigusa sasa hivi. Columbo anatoa mikono yake mifukoni: amevaa glavu.

Uzuri wa ushahidi huu uko katika glavu zaidi kuliko katika alama. Alama peke yake zina maelezo mawili: ama aliigusa michoro siku ile, ama ameigusa leo. Columbo aliliona pingamizi kabla halijatamkwa, akaifunga njia ya pili mapema. Katika maabara kazi hiyo hufanywa na kopo la kulinganishia, lisilotiwa dawa inayochunguzwa. Mwanafunzi anayepanga jaribio na ajiulize daima: je, matokeo yangu yaweza kuelezwa kwa njia nyingine, na nimeifunga njia hiyo kabla ya kuanza, au nataka niifunge baada ya kuulizwa?

Ushahidi wenye tundu

Si michezo yote iliyo imara hivyo. Katika Murder by the Book, kitu kinachomwangusha mwuaji ni karatasi iliyokutwa miongoni mwa maandishi ya marehemu, yenye wazo la hadithi inayofanana na mauaji yenyewe. Mtazamaji anajua kwamba Columbo amepata ukweli. Lakini wakili hodari angesema: mwandishi wa hadithi za mauaji kuandika wazo la mauaji ni ajabu gani?

Mchezo wa Dagger of the Mind wa mwaka 1972, uliofanyika London, una ubaya mkubwa zaidi. Wauaji ni mume na mke waigizaji. Katika ugomvi uliomuua marehemu, mkufu wa lulu ulikatika. Columbo anadhani huenda lulu moja iliangukia ndani ya mwavuli wa marehemu. Mwavuli unafunguliwa, na lulu inadondoka. Ukweli wote unatoka. Kisha Columbo anamwonyesha askari mwenzake jinsi lulu ilivyofika mle: aliirusha yeye mwenyewe.

Watazamaji wengi hucheka. Mpenzi wa kweli hana budi kusimama hapa na kufikiri. Je, ni halali kutengeneza ushahidi juu ya mtu ambaye kweli ana hatia? Katika sayansi jibu halina shaka: anayebuni vipimo ameghushi, hata kama nadharia yake itakuja kuonekana ni ya kweli. Sababu yake ni kwamba vipimo vya kubuni havina uwezo wa kumpinga aliyevibuni. Siku nadharia itakapokuwa ya uwongo, vitaikubali vilevile.

Mtazamaji anajua, askari hajui

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo kipindi humficha mpenzi wake. Katika michezo hii Columbo humshuku mtu mapema sana, kisha humfuata kama kivuli. Sisi hatuoni ubaya, kwa sababu tuliyaona mauaji kwa macho yetu. Tunajua kwamba hamwonei. Lakini katika maisha hakuna sehemu ya kwanza inayoonyeshwa watazamaji. Askari aliye na hakika na asiyekosea, na askari aliye na hakika naye amekosea, kwa ndani hujisikia namna moja.

Tarehe 11 Machi 2004 mabomu yalilipuka katika magari-moshi ya Madrid, Uhispania, na kuua watu zaidi ya 190. Juu ya mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kulipulia ilipatikana alama ya kidole. Idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliitafuta katika kompyuta yake, ikaletewa watu 20 wenye alama zinazokaribiana. Wataalamu 3 wa idara hiyo walisema ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama, alikubaliana nao. Mtu huyo alikamatwa tarehe 6 Mei, ingawa polisi wa Uhispania walikwisha kueleza kwamba hawakubaliani na uamuzi huo. Tarehe 20 Mei aliachiliwa, baada ya Uhispania kutambua kwamba alama ile ni ya mtu mwingine. FBI iliomba radhi. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulieleza kwamba wataalamu walikuwa wakienda kinyumenyume: walipokwisha kuiona alama kamili ya mshukiwa, walianza kuziona sifa zake katika ile alama hafifu ya mfukoni.

Mwaka huohuo wa 2006 mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo lakini zito. Wataalamu 5 wenye uzoefu walipewa jozi za alama ambazo wao wenyewe, miaka ya nyuma, walikwisha kuamua kwamba zinalingana. Wakaambiwa kwamba hizi ndizo zile alama za kosa la Madrid. Wataalamu 4 kati ya 5 hawakurudia uamuzi wao wa kwanza: 3 walisema hazilingani, na mmoja akasema haiwezekani kuamua. Alama hazikubadilika, kilichobadilika ni hadithi iliyosimuliwa kabla ya kuzitazama.

Hata ungamo la mshukiwa, ambalo katika michezo huleta utulivu mwishoni, si mwisho wa mambo. Huko Leicestershire, Uingereza, wasichana wawili waliuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 aliungama mauaji ya pili. Katika Chuo Kikuu cha Leicester, Alec Jeffreys alikuwa amegundua mwaka 1984 njia ya kutambua watu kwa DNA. Polisi walimwendea, wakitumaini atathibitisha kwamba kijana huyo aliwaua wote wawili. Vipimo vilionyesha kwamba mwuaji ni mtu mmoja, naye si kijana huyo. Aliachiliwa. Takriban wanaume 5,000 wakapimwa, na mkosaji hasa alikamatwa mwaka 1987, akahukumiwa mwaka 1988. Yafaa wanafunzi wakumbuke kwamba katika kesi hii kazi ya kwanza ya DNA ilikuwa kumwokoa asiye na hatia.

Daftari la mtazamaji

Basi apendaye kipindi cha upelelezi, kiwe hiki au kingine, aendelee kukipenda, ila akitazame na daftari mkononi. Alichore ukurasa katika safu nne. Safu ya kwanza: mambo ambayo mimi nimeyaona. Safu ya pili: mambo ambayo mpelelezi ameyaona. Safu ya tatu: mpelelezi anasema nini. Safu ya nne: ni maelezo gani mengine yanayoweza kueleza mambo ya safu ya pili. Mchezo ukiisha, aifunike safu ya kwanza kwa mkono, asome zilizobaki kana kwamba ni hakimu. Kama hukumu bado inasimama, mpelelezi amethibitisha. Kama haisimami, mpelelezi alikuwa anajua tu. Na kujua peke yake, mbele ya mahakama na mbele ya sayansi, hakutoshi kumfunga mtu.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya jambo linalozaa swali na jambo linalothibitisha. Toa mfano mmoja wa kila aina kutoka makala haya.
2. Mwili ulikutwa na nyuzi 33 katika chumba chenye nyuzi 30. Kwa nini kanuni ya digrii moja kila saa haifai hapa?
3. Kama Columbo asingevaa glavu, ushahidi wake ungepungukiwa na nini?
4. Pendekeza namna ya kuwapa wataalamu alama za vidole ili hadithi ya kesi isiathiri uamuzi wao.
5. Jadilini darasani: mwanafunzi anayelijua jibu sahihi la jaribio akabadilisha kipimo chake ili kilingane nalo, amekosa nini?